Nyumba Isiyo na Ngazi

Wanaume wawili wa kuosha magari walimbeba Nkirote hadi ghorofa ya tatu, mmoja kwapani, mwingine magotini, na walipofika juu wakihema ndipo Ndwiga, ajenti wa nyumba, alipopapasa mifuko na kugundua kwamba funguo ameziacha kwenye gari. Akashuka mbio. Wale wawili wakabaki wameshika mzigo wao, wakizungumza juu ya kichwa chake kuhusu mechi ya jana, kana kwamba wamebeba kabati. Sketi ya Nkirote ilikuwa imepanda juu ya goti na hakuweza kuivuta, maana mikono yake yote miwili ilikuwa shingoni mwa watu asiowajua. Mumewe Kathuri alikuwa nyuma yao na kiti cha magurudumu begani. Aliiona ile sketi, na badala ya kuishusha akaangalia kando kwa aibu. Aibu ya nani, hata yeye hangeweza kukuambia.

"Hapa boss unaona Mlima Kenya wote ukiwa umelala kitandani," Ndwiga alisema aliporudi, akimwambia Kathuri.

"Na mimi nikitaka kushuka?" Nkirote aliuliza.

Ndwiga alimjibu Kathuri. "Kwani boss, mama atakuwa akishuka mara ngapi? Maji iko ndani, stima iko, choo ni hapo tu."

"Nitashuka kila siku asubuhi kwenda kazini," Nkirote alisema. "Niliandikwa kazi, sikuandikwa kulala."

"Sawa boss, tuangalie ingine," Ndwiga akamwambia Kathuri.

Miguu ya Nkirote ilikuwa imekufa miaka tisa iliyopita, na hilo tuliache hapo hapo, maana kila mtu mjini Embu alikuwa ameshamuuliza siku hizo mbili na mimi sitaki kuwa mmoja wao. La kujua ni hili. Alikuwa ameomba kazi miaka sita, na sasa barua ilikuwa mkobani mwake: karani wa kumbukumbu, afike Jumatatu saa mbili asubuhi, asipofika nafasi yake atapewa anayemfuata kwenye orodha. Kwao ni Kibirichia, kwenye viazi na baridi, safari ya karibu nusu siku. Ilikuwa Jumamosi. Walikuwa wameona nyumba saba, zote na ngazi, na ile gesti waliyolala ilikuwa na mlango wa bafu mwembamba mno, kwa hiyo mama mzima wa miaka arobaini na moja alikuwa akiogea kwenye beseni katikati ya chumba huku mumewe akizuia maji yasiende chini ya kitanda.

"Jumatatu nisipofika, imeenda," alimwambia Kathuri kwa Kimeru wakiwa wameketi kwenye gari la Ndwiga. "Sitaandikwa tena. Unajua."

"Najua, Mama Kendi."

Ndwiga hakuwasha gari. Alikuwa kijana mwenye viatu vya kuchongoka na simu mbili, mtu wa maneno mengi, lakini sasa alikuwa akikwaruza tu usukani kwa ukucha.

"Iko moja," alisema mwishowe.

"Moja nini?"

"Nyumba. Haina ngazi hata moja."

"Ati nini!" Nkirote aliinama mbele. "Na tangu jana nabebwa juu na chini kama gunia la viazi, wewe ukijua?"

Kijana alimtazama kwenye kioo cha gari, halafu haraka akayahamishia macho kwa Kathuri. "Mwenyewe hakubali kila mtu, boss. Nimempelekea wapangaji kumi na mmoja. Wote amefukuza."

"Kwa sababu gani?"

"Hasemi." Ndwiga akawasha gari. "Anawaangalia miguu, halafu anafunga mlango."

* * *

Nyumba ilikuwa nje ya mji, upande wa msitu wa Njukiri, mwisho wa njia iliyopita kati ya mibuni ya kahawa. Ni Julai, na wenye kuijua Embu wanaijua Julai yake: manyunyu yasiyonyesha wala kuacha, na ukungu unaotoka msituni mchana kweupe na kuketi juu ya mashamba. Gari liliposimama hawakuona nyumba. Waliona kwanza njia ya saruji, pana, laini, iliyotoka kwenye ukungu hadi karibu na tairi. Ilikuwa na vishikio pande zote mbili, chini chini, kwa urefu wa mkono wa mtu aliyeketi.

"Ngai!" Kathuri alisema kwa furaha. "Mama Kendi, umeona hii?"

Nkirote alikuwa ameiona na hakufurahi, na hakujua ni kwa nini. Aliingia kwenye kiti, akashika magurudumu, akasukuma mara moja. Kiti kilikwenda chenyewe.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Koti refu, kofia ya sufu, miguu mitupu kwenye viatu vya mpira. Huyu ndiye Mzee Ngari, mwenye nyumba, na hakuwasalimia. Alimpita Ndwiga, akampita Kathuri aliyekuwa amenyoosha mkono, akaja akapiga magoti mbele ya Nkirote. Akaiminya tairi ya kushoto kwa vidole viwili.

"Upepo umepungua huku," alisema. "Ndiyo maana unavuta upande mmoja."

"Shikamoo, Mzee," Nkirote alisema, maana hakupata neno lingine.

"Karibu ndani. Chai iko tayari."

Hakuna aliyekuwa amempigia simu. Ndwiga aliapa hivyo baadaye, na mimi namwamini, maana kijana yule alikuwa mwongo wa bei na wa umbali tu. Lakini mezani kulikuwa na vikombe viwili, na meza yenyewe ilikuwa imeinuliwa miguu ili kiti cha magurudumu kiingie chini yake. Upande mmoja hakukuwa na kiti cha kukalia. Mzee alimwelekeza Nkirote hapo.

Kila kitu kilimtosha. Swichi za taa zilikuwa usawa wa bega lake. Sinki ilikuwa usawa wa tumbo, na chini yake wazi, magoti yakapita. Bafuni kulikuwa na vyuma vya kushika, kimoja hapa, kingine pale, na mkono wake ulipoinuka kutafuta, chuma kilikuwa hapo hapo. Kwenye miimo ya milango rangi ilikuwa imekwanguka pale pale vitovu vya magurudumu yake vilipokaribia kugusa. Kwenye kioo cha ukutani alijiona wote, kuanzia mapajani hadi kilemba. Kathuri alikuja akasimama nyuma yake akitabasamu, lakini kioo kilimkata kichwa, akaonekana shati na mkanda tu.

"Ni kama wamekupima," lile shati lilisema.

Nkirote aliondoa mikono kwenye magurudumu ili ajipanguse jasho, na kiti kikaanza kwenda. Polepole, bila sauti, kikamtoa mbele ya kioo, kikakata sebule, kikaelekea mlango wa chumba cha kulala uliokuwa wazi, umelazwa hadi ukutani. Akakikamata.

"Sakafu ina mteremko," alisema.

"Kidogo tu," Mzee Ngari alijibu kutoka mezani, bila kugeuka. "Niliipima na maji. Mtu akichoka jioni, asisukume. Inampeleka kitandani yenyewe."

"Na asubuhi, Mzee? Akitaka kutoka?"

Mzee alikoroga chai yake.

* * *

Kodi aliyotaja ilikuwa nusu ya ile ya ghorofa ya tatu. Kathuri aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Mzee alisema hana haja na pesa nyingi, ana haja na pazia la dirisha la mbele liwe wazi jioni, na mpangaji akae hapo.

"Akae hapo akifanya nini?" Nkirote aliuliza.

"Hata akifuma sweta ni sawa. Mimi naishi ile nyumba ndogo ya ng'ambo. Nikitoka shamba nataka kuona mtu amekaa." Ndipo alipomtazama usoni kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu na mazuri. "Hawa wengine wananiletea watu wa kusimama. Mtu wa kusimama akiingia hapa, ninasikia vibaya kifuani."

Nkirote alimgeukia Ndwiga. "Nani alikuwa anaishi hapa?"

"Boss, hii ni nyumba imekaa tu bila mtu, unajua siku hizi..."

"Ndwiga." Hakuinua sauti. "Mdomo uliouliza ni huu. Mume wangu yuko pale, mimi niko hapa."

Maajenti wana desturi yao, na si wa Embu peke yao: mtu aliyefia ndani ya nyumba hatajwi. Akitajwa, kodi inashuka na ajenti anakosa chake. Kwa hiyo Ndwiga alifanya alichofunzwa, akacheka kidogo akasema kulikuwa na mama fulani, mtu wa kanisa, alihama. Mzee Ngari alisikia neno hilo "alihama" na kikombe kikagonga kisahani.

Kathuri alimsukuma mkewe hadi kwenye veranda wapate kuzungumza. Wazee, mnaijua ile sauti ya mume anayeomba huku amekasirika.

"Mbona unatafuta kasoro? Siku mbili tunalia ngazi, Mungu ametupa nyumba bila ngazi, sasa unalia nini?"

"Naogopa hapa."

"Unaogopa nini? Sema kitu kimoja."

Alijaribu. Angesema nini? Kwamba nyumba inamtosha kupita kiasi? Kwamba ameingia na kuhisi ni kama ameketi kwenye kiti chenye joto la mtu mwingine? Mbele yake kulikuwa na Jumatatu, na nyuma yake miaka sita ya bahasha zilizorudi na maneno ya pole. Kazi aliitaka. Aliitaka kwa njaa ambayo hata kanisani hakuwahi kuikiri.

"Nendeni mkaandikishane," alisema. "Mimi nitabaki hapa nijipime nayo. Mkirudi nitawaambia."

Wakaenda mjini wote watatu kwenye gari la Ndwiga, kuandika makubaliano na kuleta godoro. Mzee alikaa kiti cha mbele. Gari lilipogeuka alikuwa bado amepinda shingo akiangalia dirisha.

* * *

Kukawa kimya. Ukungu ulikuwa umefika kwenye vioo. Nkirote alikaa sebuleni ameshikilia magurudumu kwa mikono yote miwili, maana kila akilegeza, sakafu ilianza kumchukua. Kwa mbali redio ilikuwa ikiimba nyimbo za injili za Kiembu, halafu ikazimwa.

Akasikia ndoo ikianguka nje.

Dirishani kulikuwa na mwanamke wa makamo, leso kichwani, maziwa yakimtiririka miguuni. Alikuwa ameshika mdomo.

"Virginia?"

"Mimi si Virginia, mama. Mimi naitwa Nkirote. Nimetoka Meru, nimekuja kuona nyumba."

"Uuu, Mungu wangu." Yule mwanamke aliketi kwenye kishikio cha njia ya saruji. "Nisamehe. Nimekuona na ukungu, na hicho kiti. Nikasema leo amerudi kuniuliza."

"Kukuuliza nini?"

Mwanamke huyu alikuwa Igoki, jirani wa ua ule ule, na inaonekana alikuwa amekaa miaka miwili akingoja mtu amwulize. Aliingia. Hakutaka kukaa wala chai. Alimshika Nkirote mkono.

"Umeona huo mlango wa chumba kwa nyuma?"

"Umelazwa ukutani. Nimeona upande wa ndani tu."

"Uvute."

Nkirote alijisukuma akauvuta. Mlango ulitoka ukutani ukilia. Upande wake wa nje, juu, mahali ambapo mtu aliyesimama anafikia bila shida na aliyeketi hafiki hata akijinyoosha vipi, kulikuwa na komeo la chuma, nene kama kidole gumba. Katika nyumba hiyo yote, hicho ndicho kitu pekee ambacho hakikuwekwa kwa urefu wake.

"Mzee alimpenda bibi yake," Igoki alisema. "Usifikirie hakumpenda. Alimjengea hii yote na mikono yake. Lakini siku moja Virginia alijisukuma peke yake hadi barabarani, anataka kwenda kanisa, na lori ikamkosa kidogo tu. Watu sokoni wakamcheka mzee. Ati anaachilia bibi yake azurure kama mbuzi. Akaweka hiyo. Akienda shamba, anafunga. Virginia anagonga. Kila siku anagonga, anataka jua. Sisi tukazoea."

"Mkazoea."

"Tukazoea." Igoki alikuwa akilia bila kujipangusa. "Siku hiyo mzee ameenda kiwandani na kahawa, foleni ndefu, mvua. Virginia akaanza kugonga saa saba. Alikuwa mgonjwa wa kifua, mimi sikujua amebanwa. Nilikuwa napika. Nikaongeza redio. Saa kumi akanyamaza, nikasema, haya, amechoka."

Nkirote aliusogelea mlango. Alikuwa akiangalia upande wa ndani wa mlango. Ulikuwa umepakwa rangi upya, nyeupe, nzuri, lakini rangi haijazi mashimo. Chini, usawa wa mikono yake, mbao ilikuwa imebonyea vidogo vidogo vingi, na mahali pamoja palikuwa na kovu refu la kitu cha chuma. Aliweka ngumi yake juu yake. Ilienea.

* * *

Wanaume walirudi na godoro juu ya gari. Kathuri aliingia akiimba, amebeba pia tochi, sufuria na mkate. Alimwona Igoki, akamwona mkewe karibu na mlango uliofungwa nusu, akaliona komeo.

"Umeliona, eeh?" alisema, na hakukuwa na ubaya wowote usoni mwake, hilo ndilo lililomwumiza mwenzake. "Mzee alinieleza kwa gari. Ni ya usalama, Mama Kendi. Mimi nikiwa Kibirichia siku tano, nitalala aje nikijua uko hapa peke yako karibu na msitu? Tumesikizana. Jioni ukitoka kazi, mzee anafunga. Asubuhi anafungua."

"Nitakuwa nafungua mapema," Mzee Ngari alisema. "Nitafungua saa kumi na mbili. Nimeapa."

"Mmesikizana," Nkirote alisema. "Iko kwenye makubaliano?"

Ndwiga aliangalia viatu vyake. "Iko, mama. Namba nne."

"Soma."

Akasoma. Mpangaji ni Kathuri. Mwenye kutunza funguo ni mwenye nyumba. Jina la Nkirote halikuwemo mahali popote isipokuwa namba nne, na hapo aliitwa mgonjwa.

Sasa, angeweza kulia, na mimi ningemwelewa. Angeweza kumwambia Kathuri habari za Virginia, na Kathuri angesema pole sana, lakini huyo mzee alichelewa, mimi si yeye. Nkirote aliyasikia majibu hayo yote kabla ya kufungua mdomo. Miaka kumi na tano ya ndoa inakufundisha kujibiwa kimyakimya.

"Haya," alisema. "Peleka godoro chumbani, Baba Kendi."

Kathuri akaingia nalo, akalitupa kitandani, akaanza kulinyoosha. Nkirote akausukuma mlango. Ukajifunga taratibu, kwa ule mteremko. Akamgeukia ajenti.

"Ndwiga, nani atalipa kodi ya hii nyumba?"

"Ni... mshahara wako, mama."

"Kwa hiyo wewe mteja wako ni nani?"

Kijana alimtazama. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza alipomtazama kwa siku hizo mbili, mtu mzima, mwenye uso. "Ni wewe."

"Mimi sifiki pale juu. Nifungie hilo komeo."

"Mama, tafadhali..."

"Uliita watu wanibebe hadi ghorofa ya tatu nikiwa sitaki. Hapa nakuomba mkono mmoja tu."

Ndwiga aliinua mkono. Chuma kiliingia kwenye chuma kwa sauti nzito, na Mzee Ngari akashtuka pale aliposimama, maana kwa miaka yote aliyokuwa akilifunga, alikuwa akilifunga na kuondoka.

"Mama Kendi?" Kathuri aliita kutoka ndani. Akacheka. "Mlango umekwama."

Akatikisa kitasa.

"Nkirote. Acha mchezo."

Akagonga kwa kiganja. Halafu kwa ngumi. Mlango ulikuwa wa mbao ya mvule, na ndani ya chumba chenye kitanda tu sauti ilirudi kubwa kuliko aliyeigonga, dum, dum, dum, ikapita kwenye sakafu na kuingia kwenye magurudumu ya kiti. Kathuri alijaribu dirisha, ambalo lilikuwa na vyuma. Akarudi mlangoni. Sasa alikuwa amekasirika na kumtukana Ndwiga, halafu hasira ikamtoka, na sauti yake ikawa nyembamba kwa namna ambayo mkewe hakuwahi kuisikia.

"Nkirote, fungua. Fungua basi. Niko na joto. Nkirote!"

Igoki alikuwa ameziba masikio. Nkirote alikuwa akilia, machozi yakimwingia mdomoni, na hakusogea. Lakini wa kumtazama alikuwa mzee. Mzee Ngari alikuwa amevua kofia. Alikuwa ameuelekezea mlango ule sikio lake, ameinama, mdomo wazi, kama mtu anayesikiliza jina lake likisomwa mahali. Kila ngumi ilipoanguka, bega lake liliruka.

"Alikuwa anagonga hivyo?" aliuliza.

Alimwuliza Igoki. Igoki alishusha mikono.

"Hivyo hivyo, Mzee. Masaa matatu."

Mzee alikwenda mlangoni. Alikimbia, kwa kadiri mzee anavyoweza kukimbia hatua nne. Alilishika komeo na vidole vyake vikateleza, akalishika tena, likagoma, akaanza kulivuta kwa mikono yote miwili akisema kwa Kiembu, nakuja, nakuja, ngoja kidogo, nakuja. Ndwiga alitaka kumsaidia. Nkirote akamshika koti.

"Mwache."

Lilifunguka. Kathuri alitoka akiwa ameloa jasho, ngumi nyekundu, na alikuwa amejiandaa kupiga kelele. Akakuta mzee amepiga magoti kwenye kizingiti, amemkumbatia miguu, analia mpaka anakohoa. Kathuri akasimama hapo hajui aweke wapi mikono. Akamtazama mkewe, akautazama mlango upande wa ndani, zile alama za chini, akaweka kidole kwenye moja. Hakuna aliyehitaji kumweleza.

"Dakika ngapi?" Kathuri aliuliza.

"Sita," Ndwiga alisema. Alikuwa ameangalia simu.

* * *

Makubaliano yaliandikwa upya mezani pale pale, jioni hiyo, kabla ya giza. Ndwiga aliandika na Nkirote akamtaka amsomee kila mstari. Mpangaji ni yeye. Funguo ni zake, zote tatu, pamoja na ile ya akiba. Mwenye nyumba atapiga hodi. Pazia ni lake. Kathuri aliuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kutia sahihi kama shahidi, na mkewe akamwonyesha mahali. Ndwiga akauliza kama nafasi kati ya meza za ofisini, mlango wa choo cha huko kazini, njia ya kuingilia, kama kuna aliyeviangalia. Hakuna aliyekuwa ameviangalia. Akasema ataenda Jumatatu mapema na futi ya kupimia, na tuktuk ya jamaa yake yenye nafasi ya kiti itakuwa barabarani saa moja. Hakutaja malipo, ingawa nina hakika yalimpitia akilini.

Mzee Ngari hakusoma. Alitia kidole kwenye wino, akabonyeza, akaenda zake kwenye ukungu.

Jumapili, Kathuri alilitoa lile komeo kwa bisibisi aliyoiazima kwa Igoki, akaziba mashimo kwa nta ya mshumaa, akapanda gari la Meru. Jumapili hiyo yote mzee hakuonekana. Moshi haukutoka kwenye nyumba yake ndogo. Nkirote alilala vibaya. Usiniulize alisikia nini. Nyumba ya mbao na mabati hupumua baridi ikiingia, na mtu akiwa peke yake mara ya kwanza husikia kila kitu. Alilala ameacha mlango wa chumba wazi.

Jumatatu saa moja kasoro robo alikuwa amevaa blauzi nyeupe, amefunga kilemba cha buluu, barua mapajani ndani ya mfuko wa nailoni. Alijisukuma kutoka chumbani, akaupanda ule mteremko wa sebule, mikono ikiuma, akafungua mlango wa mbele, akaufunga kwa ufunguo wake. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Njia ya saruji ilipotelea kwenye weupe, na katikati yake, pale ambapo jana hakukuwa na kitu, alisimama Mzee Ngari. Alikuwa amelowa. Inaonekana alikuwa hapo kwa muda.

Alikuwa ameiziba njia yote. Nkirote alisimamisha kiti hatua mbili mbele yake. Mbali, barabarani, tuktuk ilipiga honi.

"Unaenda wapi na hii mvua?" mzee aliuliza, kwa upole, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuuliza swali hilo mara nyingi sana.

"Naenda kazini, Mzee."

Midomo yake ilitafuta neno linalofuata, lile alilolizoea, na mkono wake mmoja ulikuwa tayari umeinuka kuelekea kwenye kiti. Ukabaki hewani. Alitazama barua, akatazama kilemba, akamtazama usoni. Halafu Mzee Ngari akaingia kwenye majani, hadi magotini kwenye umande, akampisha.